Mwanga Uliojifunza Kutochoma

Mtu wa Mgwashi akiambiwa jicho lake litatibiwa kwa leza, swali lake la kwanza si la bei wala la siku ya kwenda. Huuliza: "Sasa si litaungua?" Nimelisikia swali hilo kwa wazee na kwa vijana, na kila mara hutokea mtu aliyesoma kidogo akamtuliza: mzee, haya ni mambo ya kisasa, hakuna kuungua. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Kutibu jicho kwa mwanga kulianza kwa kuchoma, tena kwa jua lenyewe, na ilipita karibu miaka 40 kabla watu hawajagundua mwanga unaoweza kumega jicho bila kuliunguza. Mzee hakuuliza upuuzi. Jambo aliloliuliza liliwasumbua madaktari wenyewe, na kwa kuwa safari ya kwenda kutibiwa ni ndefu, anastahili jibu la urefu unaolingana nayo.

Mgwashi ni kata ya Halmashauri ya Bumbuli, wilayani Lushoto, katika Usambara Magharibi. Huko watu huishi kwa jembe na kikapu: maharage, mahindi, migomba, na katika vilima vya Bumbuli, chai. Hospitali ya Kilutheri iko Bumbuli. Lakini jicho likihitaji mabingwa, mgonjwa hushuka milima hadi barabara kuu, hupanda basi la Moshi, hupita Same na Mwanga huku milima ya Upare ikimsindikiza mkono wa kulia, mpaka afike KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda ya kaskazini iliyofunguliwa mwaka 1971. Hadithi hii itaishia huko. Inapoanzia ni mbali zaidi.

Tarehe 9 Julai 1945 jua lilipatwa katika anga ya Ulaya ya kaskazini. Vita vilikuwa vimekwisha huko miezi miwili tu kabla, na Hamburg, mji wa bandari wa Ujerumani, ulikuwa vifusi. Mwanafunzi mmoja wa udaktari alilitazama jua lile bila kujikinga. Baadaye alifika kwa daktari kijana wa macho, Gerd Meyer-Schwickerath, akiwa na doa katikati ya uoni wake. Daktari alipochungulia ndani ya jicho aliona kovu kwenye retina, lile pazia la nyuma linalopokea picha. Jua lilikuwa limepenya kwenye mboni, likakusanywa na lenzi ya jicho kama mtoto anavyokusanya jua kwa kipande cha kioo ili kuunguza karatasi, likachoma nukta moja.

Wengi waliona makovu ya namna hiyo kabla yake, wakasikitika, wakaendelea na kazi. Meyer-Schwickerath alifikiri kinyume. Siku zile retina iliyochanika ilikuwa ikibanduka kidogo kidogo, kama udongo unavyobanduka kwenye ukuta wa fito, na ikibanduka yote jicho linakuwa giza. Kovu hushika. Basi kama jua linaweza kutia kovu ndani ya jicho bila kisu kuligusa, kwa nini lisitumike kugandisha kingo za mpasuko kabla haujaenea?

Aliweka vioo juu ya paa la hospitali ili vilifuate jua, akalielekeza chini mpaka ndani ya jicho la mgonjwa. Ilifanya kazi, siku ambazo mawingu ya Hamburg yaliruhusu. Baadaye aliacha jua, akatumia taa kali ya kaboni, na katika miaka ya 1950, kwa msaada wa kampuni ya Zeiss, taa ya gesi ya zenoni. Jicho lilihitaji sindano ya ganzi ili litulie, na mwanga ulikaa muda mrefu kiasi cha kuumiza hata sehemu zilizo jirani. Hata hivyo watu waliokuwa wapofuke hawakupofuka. Mzee wa Mgwashi angekuwa na haki ya kusema: naam, waliwachoma. Ndiyo, waliwachoma, na makovu yale yalikuwa dawa.

Mwanga wa kawaida, uwe wa jua au wa taa, una kasoro moja. Ni kama kelele za gulio la Soni: sauti elfu, kila moja na lake, zinazoenda kila upande. Leza ni kwaya. Chembe zake za mwanga zote ni za rangi moja, zinakwenda njia moja, na zinapanda na kushuka kwa pamoja. Albert Einstein alionyesha kwa hesabu mwaka 1917 kwamba jambo hilo linawezekana: atomu iliyokwisha kushiba nguvu, ikipitiwa na chembe ya mwanga inayoifaa, huachia chembe nyingine pacha wa ile ya kwanza, na mapacha hao wakienda kukutana na atomu nyingine zilizoshiba, kwaya inakua. Ilichukua miaka 43 mpaka mtu akaisikia ikiimba.

Mtu huyo alikuwa Theodore Maiman, na chombo chake kilikuwa kijiti cha yakuti nyekundu. Tarehe 16 Mei 1960, katika maabara ya Hughes huko Malibu, California, alikizungushia taa ya kumulika ghafla kama ya mpiga picha, na yakuti ikatoa mwali mwekundu ambao ulikuwa haujapata kuonekana duniani. Hapa mtu wa Usambara ana sababu ya kusimama kidogo. Kaskazini ya milima yetu, inakoanza nyika ya bonde la Umba, wachimbaji wamekuwa wakifukua yakuti tangu miaka hiyo hiyo ya 1960. Yakuti ya Maiman ilitengenezwa maabara, haikuchimbwa Umba wala kwingineko, lakini ni mawe ya ukoo mmoja: aluminiamu na oksijeni, na kromiamu kidogo ndiyo inayotia wekundu. Kromiamu hiyo hiyo ndiyo iliyoimba.

Mwaka na nusu baadaye, Desemba 1961, daktari Charles Campbell wa New York alitumia leza ya yakuti kuunguza uvimbe kwenye retina ya mgonjwa. Jicho likawa kiungo cha kwanza cha binadamu kutibiwa kwa leza, na sababu ni rahisi: ndicho kiungo pekee kilichoumbwa kuuruhusu mwanga uingie mpaka ndani. Mwaka 1968 Francis L'Esperance, New York vilevile, alileta leza ya agoni, yenye mwali wa buluu na kijani unaonaswa vizuri na wekundu wa damu. Kwa mwali huo ilienea tiba ya mishipa ya damu inayochipuka ovyo katika macho ya wagonjwa wa kisukari, tiba iliyookoa macho mengi mno ulimwenguni.

Lakini yote hayo yalikuwa kuchoma, kwa ustadi uliozidi mwaka hadi mwaka. Na kuchoma hakuwezi kumsaidia mtu ambaye jicho lake halina ugonjwa bali limeumbwa refu kidogo kuliko inavyopaswa, kiasi kwamba picha inatua mbele ya retina, naye haoni mbali. Huyo shida yake ni umbo. Anahitaji kuchongwa.

Wa kwanza kujaribu kuchonga walishika visu. Sehemu ya mbele ya jicho, ile inayong'aa kama kioo cha saa, inaitwa konea. Ni nyembamba, katikati ina unene wa kama nusu milimita, lakini ndiyo inayofanya karibu theluthi mbili za kazi ya kuupinda mwanga. Lenzi ya ndani hufanya iliyobaki. Konea ikiwa imebinuka kupita kiasi kwa urefu wa jicho, au jicho likiwa refu kwa konea yake, mtu haoni mbali. Punguza ubinukaji huo kidogo tu, picha inarudi nyuma mpaka inaikuta retina. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, Leendert Jan Lans wa Uholanzi alikwisha kuonyesha kwa macho ya sungura kwamba mikato kwenye konea hubadili umbo lake. Huko Japani Tsutomu Sato aliwakata watu, kuanzia miaka ya 1930 hadi ya 1950, akipitisha kisu hata upande wa ndani wa konea. Wagonjwa wake walifurahi. Miaka ilipopita, konea za wengi zilivimba na kuwa na ukungu, kwa sababu utando wa ndani wenye kazi ya kuondoa maji kwenye konea uliharibiwa na kisu, nao haumei tena. Sato hakujua. Wakati wake hakuna aliyeijua vizuri kazi ya utando ule.

Katika miaka ya 1970 Svyatoslav Fyodorov wa Moscow aliikata konea upande wa nje tu, mikato iliyotawanyika kama miale kutoka katikati. Aliifanya kazi hiyo kama kiwandani, vitanda vikisogea kutoka kwa daktari mmoja hadi mwingine, kila mmoja na hatua yake. Mtindo ukavuka hadi Marekani. Huko uchunguzi mkubwa uliowafuatilia wagonjwa kwa miaka 10 ulikuta kwamba asilimia 43 ya macho yaliendelea kubadilika, yakisogea upande wa pili wa kasoro ambao hakuna aliyeukusudia. Konea iliyokatwa mikato mirefu imedhoofika, na kilichodhoofika hakitulii.

Ninayemstahi zaidi katika kundi hili la visu ni José Ignacio Barraquer, Mhispania aliyehamia Bogotá, Kolombia. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuwa na wazo kwamba konea isikatwe mikato, bali ipunguzwe unene kwa hesabu. Alikata tabaka la juu la konea kama kisahani, akaligandisha kwa baridi, akaliweka kwenye mashine ya kerezo kama fundi anayechonga mguu wa kiti, akalichonga, akaliyeyusha na kulishona mahali pake. Kazi ilikuwa ngumu mno, na ni wachache walioweza kumwiga. Lakini wazo lilikuwa sahihi tangu mwanzo: ondoa nyama kidogo kwa kipimo, na jicho litapata miwani yake ndani yake lenyewe. Kilichokosekana ni patasi inayostahili kazi hiyo.

Patasi ilitoka mahali pasipotarajiwa, kwa watu wa kompyuta. Katika kituo cha utafiti cha IBM huko Yorktown Heights, jimbo la New York, mkemia mzaliwa wa India, Rangaswamy Srinivasan, alikuwa akitumia aina mpya ya leza, iitwayo eksima, kuchonga plastiki. Leza yake ilitumia gesi za agoni na florini, na mwanga wake ni wa urujuanimno, ule ambao jicho haliuoni kabisa, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 193. Aliona kwamba mwanga huo hauyeyushi plastiki. Unaimega tabaka kwa tabaka na kuacha kingo safi. Yeye na wenzake, Samuel Blum na James Wynne, walikuwa wakijiuliza kama nyama hai nayo ingemegwa hivyo.

Novemba 26, 1981 ilikuwa sikukuu ya shukrani ya Wamarekani, siku ya familia kula bata mzinga. Kesho yake Srinivasan alikuja maabara na mabaki ya mlo. Akaweka gegedu la bata yule mbele ya leza ya eksima, na kwa kulinganisha, kipande kingine kikapigwa na leza ya mwanga wa kijani. Leza ya kijani iliacha kidonda cheusi kilichoungua. Ile ya eksima iliacha mfereji uliokatwa kama kwa rula, pasipo alama ya moto kando yake. Watatu hao waliwahi hata kuchonga mikato midogo midogo kwenye unywele mmoja wa binadamu, na picha yake, iliyopigwa kwa hadubini, imezunguka dunia.

Hapa ndipo penye jibu la mzee, kwa hiyo tusipite haraka. Moto huunguza kwa kutikisa. Joto likiingia kwenye nyama, molekuli zake hutetemeka, maji huchemka, protini huganda kama yai, na mtetemo huo huenea kwa majirani wasiohusika. Mwanga wa nanomita 193 haufanyi kazi hivyo. Kila chembe yake ina nguvu ya kutosha kukata vifungo vinavyoshikanisha atomu za protini, kifungo kwa kifungo. Tena protini huunasa mwanga huo wote juu kabisa, kabla haujazama, kwa hiyo tabaka la chini halijui lililotokea. Vipande vilivyokatika huruka vikitoka na joto lao. Mpigo mmoja hukaa sehemu ndogo sana ya sekunde, makumi tu ya nanosekunde, na huondoka na kama robo ya mikromita. Unywele wa mtu una unene wa mikromita 50 hadi 100. Yaani unywele mmoja ungehitaji mamia ya mipigo ili ukatike.

Mwaka 1983 daktari wa macho Stephen Trokel wa Chuo Kikuu cha Columbia aliipata habari hii, akashirikiana na Srinivasan kujaribu konea za ndama, na mwaka huo huo wakachapisha matokeo. Barraquer alikuwa amepatiwa patasi. Mjini Berlin, Theo Seiler alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuielekeza kwa binadamu, kwenye macho yaliyokwisha kupofuka. Mwaka 1988 huko Louisiana, Marguerite McDonald alichonga jicho linaloona. Mgonjwa alikuwa mwanamke aliyepangiwa kuondolewa jicho hilo kwa sababu ya saratani, naye akakubali lijaribiwe kabla halijaondolewa ili wengine wafaidike. Kila ninapofika hapa katika historia hii, huwa nakaa kimya kidogo. Alijua halitakuwa lake tena, akalitoa likiwa bado linaona.

Hesabu iliyotumika ni ya kushangaza kwa urahisi wake. Nguvu ya miwani hupimwa kwa dayopta. Ukichonga eneo la katikati lenye upana wa milimita 6, kila dayopta moja ya kutoona mbali inahitaji kuondoa mikromita 12 hivi. Mtu wa dayopta 4 huondolewa kama mikromita 48, ambayo haifiki sehemu moja ya kumi ya unene wa konea yake. Kwa asiyeona mbali, katikati hupunguzwa zaidi ili konea ilale. Kwa mwenye shida ya kinyume, huchimbwa mduara pembeni ili katikati pabinuke. Kwa yule ambaye konea yake imevutika kama yai badala ya kuwa duara kama chungwa, huchongwa zaidi upande mmoja. Kompyuta ndiyo inayogawa mipigo, na kifaa cha kufuatilia jicho huusogeza mwali kila jicho linapocheza.

Katika njia ya kwanza, utando wa juu kabisa wa konea huondolewa, leza ikachonga, na utando ukamea tena ndani ya siku chache zenye maumivu. Ioannis Pallikaris, daktari wa kisiwa cha Krete huko Ugiriki, alichanganya leza na kisu cha Barraquer: kata kifuniko chembamba kilichobaki na bawaba upande mmoja, kifunue kama ukurasa, chonga chini yake, kirudishe. Kifuniko hujishika chenyewe bila uzi, na mgonjwa huona vizuri kesho yake. Njia hiyo, iitwayo lasiki, ndiyo iliyoenea duniani katika miaka ya 1990. Marekani iliidhinisha uchongaji wa eksima mwaka 1995.

Hata kile kisu cha kukata kifuniko hakikudumu peke yake. Mwaka 1993, katika maabara ya Chuo Kikuu cha Michigan, mwanafunzi alipigwa jichoni kwa bahati mbaya na leza ya mipigo mifupi mno, inayopimwa kwa femtosekunde, yaani sehemu moja ya milioni ya bilioni ya sekunde. Daktari kijana, Ron Kurtz, alipolichunguza jicho lile aliona tundu dogo lililonyooka, bila kuungua kandokando. Kama Meyer-Schwickerath na jua la 1945, aliona katika jeraha la mtu chombo cha kazi. Yeye na mwanafizikia Tibor Juhasz waligeuza leza hiyo kuwa kisu cha mwanga kinachokata ndani ya konea bila kuipasua juu. Ufundi wa kutengeneza mipigo hiyo mifupi uliwapa Gérard Mourou na Donna Strickland Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2018.

Tiba hii ina mipaka yake, na anayeuza asipoitaja, mnunuzi aiulize. Konea iliyopunguzwa mno hulegea na kuchomoza kama koni. Kwa hiyo yenye wembamba wa asili, au yenye dalili za kuchomoza tangu awali, haiguswi. Watoto wetu wengi wa Afrika Mashariki wana mzio wa macho, wakishinda wakiyafikicha, na kufikicha kwa miaka huchangia konea kuchomoza. Kijana wa namna hiyo, anayebadilisha miwani kila mwaka akitamani leza, ndiye hasa anayepaswa kupimwa konea kwa makini kabla ya kukubaliwa. Vilevile kukata kifuniko hukata neva za konea, na macho huweza kuwa makavu kwa miezi kadhaa.

Halafu kuna uzee. Tukifika miaka 40 na kitu, lenzi ya ndani huwa ngumu, na kutunga uzi kwenye sindano huwa kazi ya kumwita mjukuu. Konea haina hatia hapo, na lasiki ya kawaida haiponyi. Dawa yake ya siku zote ni miwani ya kusomea. Ninaitaja kwa sababu ya chai. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa huko Assam, India, kwa wachumaji wa chai 751 wenye miaka 40 na zaidi waliokuwa hawaoni vizuri vitu vya karibu. Waliopewa miwani ya bei ndogo waliongeza uzito wa majani waliyochuma kwa takriban asilimia 22 zaidi ya wenzao wasiopewa. Macho yanayotafuta majani mawili na chipukizi katika mashamba ya Herkulu au kwa wakulima wa Mponde hayatofautiani na ya Assam. Kabla ya kumpeleka mama mchumaji wa Bumbuli kwenye mashine ya mamilioni, mtu ampe kwanza miwani.

Kwa hiyo lasiki, kwetu, imebaki tiba ya Nairobi na miji mingine mikubwa, kwa mwenye kuimudu. Simwonei gere anayeiendea. Lakini leza iliyomfikia mtu wa milimani ni nyingine, na inaelekezwa kwa ugonjwa mbaya kuliko kutoona mbali: presha ya macho.

Jicho hutengeneza maji yake ndani na kuyatoa kupitia kichujio kilichozunguka ukingo wa konea. Kichujio kikiziba, shinikizo hupanda, na neva inayopeleka picha kwenye ubongo hufa nyuzi kwa nyuzi, kuanzia pembeni. Hakuna maumivu. Mtu hujigonga mlangoni, akadhani ni haraka zake. Uchunguzi uliofanywa wilayani Kongwa, Dodoma, ukachapishwa mwaka 2000, ulikuta ugonjwa huo kwa zaidi ya watu 4 katika kila 100 wenye miaka 40 na kuendelea. Kilichokufa hakirudi. Kinachowezekana ni kuokoa kilichobaki, na njia ya kawaida ni matone ya kutia kila siku mpaka mwisho wa maisha. Matone hununuliwa, huisha, duka la dawa liko mbali, mkono wa mzee hutetemeka na tone likaangukia shavuni.

Mmarekani Mark Latina, katika miaka ya 1990, alitengeneza leza ya kusaidia kichujio hicho. Mwanga wake ni wa kijani, rangi ile ile iliyomuunguza bata mzinga mwaka 1981. Tofauti ni kipimo: nguvu kidogo sana, iliyotawanywa kwenye doa pana, kwa nanosekunde 3 tu, na inayonaswa na seli zenye rangi pekee. Seli hizo hushtuka, majirani hawadhuriki, na kichujio huanza kupitisha maji vizuri zaidi. Huko Uingereza, utafiti wa watu 718 uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya walioanza kwa leza hawakuhitaji matone baada ya miaka mitatu. Lakini Uingereza si Usambara. Je, ingefaa kwa watu wanaokuja hospitali wakiwa wamechelewa, ugonjwa ukiwa umeshakula sehemu kubwa ya neva?

Waliolijibu swali hilo ni KCMC. Heiko Philippin, William Makupa na wenzao, pamoja na Matthew Burton wa London, waliwagawa wagonjwa 201 kwa bahati nasibu: wengine matone ya timolo, wengine leza. Baada ya mwaka mmoja, matone yalikuwa yamefaulu kwa asilimia 31 ya macho. Leza ilifaulu kwa asilimia 61, ingawa kama theluthi ya macho hayo yaliyofaulu yalihitaji kupigwa mara ya pili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021 katika jarida la kitabibu la Lancet Global Health, na madaktari wa mataifa mengine sasa huisoma Moshi kama walivyozoea kuisoma hospitali ya macho ya Moorfields, London.

Tuseme aliyekwenda ni bibi wa Mgwashi. Halazwi kitandani kwa kazi hii. Huketi kwenye kiti, akaweka kidevu mahali pake, akatiwa ganzi ya matone, na lenzi ndogo ikaegeshwa juu ya jicho. Daktari humwambia, "Bibi, tazama mbele, usitikisike." Mipigo kama 100 huzunguka kichujio chote, kila mmoja na mmweko wa kijani na mlio mdogo wa mashine. Dakika chache, wamemaliza.

Basi linaporudi kupitia Mwanga na Same, milima ya Upare iko mkono wa kushoto. Nyumbani wajukuu watamzunguka. "Shikamoo bibi. Unaona vizuri sasa?"

"Marahaba. Naona kama jana." Na hivyo ndivyo alivyoahidiwa.

"Na halikuungua?"

"Halikuungua, wanangu." Kisha atafungua fundo la khanga, atoe kadi, ampe mmoja wao anayejua kusoma amwangalizie tarehe ya kurudi.